Tiketi ya wadi huamuliwa kabla ya mchujo

Kiti cha wadi kikibaki wazi, wengi wetu huanza kuhesabu siku pale tume ya uchaguzi, IEBC, inapotangaza tarehe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kiti kikiachwa wazi na kifo, vigogo wa chama huanza kuhesabu kabla marehemu hajazikwa. Karibu kila kosa linalomkosesha mwaniaji tiketi katika uchaguzi mdogo hapa Kenya linatokana na tofauti hiyo. Haya ni mambo tuliyoyaona tuliokaa upande wa chama, katika vikao ambamo majina kumi hupunguzwa yakabaki mawili. Yameandikwa kwa ajili ya mtu wa wadi: mwalimu, mhudumu wa afya wa kijiji, mfanyabiashara wa sokoni, asiye na wakili wa kumpigia simu usiku.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayoua wengi. Ibara ya 194 ya Katiba inataja namna kiti cha mwakilishi wadi kinavyoweza kuwa wazi: kifo, kujiuzulu, kukosa vikao 8 bila ruhusa ya maandishi ya Spika, kuhama chama, na mengineyo. Korti nayo yaweza kufuta uchaguzi. Spika wa bunge la kaunti ana siku 21 za kuiarifu tume. Kwa kiti cha ubunge, Katiba inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi, na saa ya wadi haina nafasi kubwa zaidi ya hiyo.

Sasa iweke hesabu hiyo kando ya ibara ya 85. Anayetaka kuwania akiwa mgombea huru sharti awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya siku ya kura. Ukingoja mchujo, yaani chama kichague mgombea wake, ukashindwa, ukasema “basi nitasimama kivyangu”, umechelewa kwa wiki nyingi. Mlango huo ulifungwa siku kiti kilipobaki wazi, au siku chache baadaye. Upo na mlango wa pili: sheria ya uchaguzi inataka chama kiwasilishe kwa tume orodha ya wanachama wake siku 45 kabla ya uchaguzi mdogo. Ukiwa kwenye orodha ya chama kimoja siku hiyo, huwezi kuibuka kuwa mgombea wa chama kingine. Vigogo wanaijua hesabu hii kwa kichwa. Ndiyo maana mchujo husogezwa na kusogezwa, “tunangoja mwongozo kutoka Nairobi”, hadi wenye hasira wakose pa kwenda. Mara nyingine ni uzembe mtupu. Lakini uzembe unaomfaa mtu yuleyule kila mara, usiuite uzembe.

Kulikuwa na kipindi ambacho kalenda hii ilivurugika. Baada ya muhula wa mwenyekiti Wafula Chebukati na makamishna wawili kwisha Januari 2023, IEBC ilikaa bila makamishna hadi Julai 2025. Viti vikarundikana. Banissa ilikosa mbunge tangu Machi 2023, Ugunja tangu Opiyo Wandayi aingie Baraza la Mawaziri mwaka 2024, na wadi kadhaa zikakaa bila mtu wa kuwasemea kwenye bunge la kaunti. Chaguzi ndogo za 27 Novemba 2025 zilipotangazwa mapema Agosti, wanaotaka kuwa huru walipata upenyo wa wiki chache kujiondoa vyamani kabla ya miezi 3 kuanza kuhesabiwa. Aliyezoea kungoja mchujo aliukosa upenyo huo huku ukiwa wazi mbele yake. Usitarajie ukarimu kama huo mara nyingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza, hata kabla ya kuchapisha bango: jua umeandikwa wapi. Piga *509# au ingia kwenye eCitizen, sehemu ya Msajili wa Vyama vya Siasa, uangalie nambari yako ya kitambulisho imesajiliwa na chama gani. Wakenya wengi wamejikuta ni wanachama wa vyama wasivyowahi kuvisikia, kwa sababu mtu fulani alikuwa na daftari lenye nambari zao. Ukikuta hivyo, jiondoe siku hiyohiyo na uhifadhi ujumbe wa kuthibitisha. Ukijiuzulu kwa barua, ipeleke mwenyewe, igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe, ubaki na nakala. Mzozo ukifika mbele ya jopo la mizozo ya vyama, swali halitakuwa uliamua lini moyoni, bali barua ilipokewa lini.

Na uwe mpiga kura aliyesajiliwa. Linaonekana jambo dogo. Mwaka 2019, baada ya kifo cha mbunge Ken Okoth, chama cha Jubilee ilimpa tiketi ya Kibra aliyekuwa kiungo wa Inter Milan, McDonald Mariga, jina linalojulikana kuanzia Kibera hadi Milan. Afisa msimamizi wa uchaguzi alimkatalia karatasi zake kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye sajili ya wapiga kura. Kamati ya mizozo ya tume ndiyo iliyomrudisha. Chama chenye serikali mkononi kilikuwa kimemwaga nguvu zake kwa mtu ambaye hakuna aliyempigia hesabu ya sajili. Kumbuka pia kwamba usajili wa wapiga kura husitishwa katika eneo husika tangu kiti kitangazwe kuwa wazi hadi kura ipigwe. Kama wafuasi wako hawajajisajili, hao si kura zako.

Nani hasa anaamua

Kwenye karatasi, tiketi ni ya bodi ya uchaguzi ya chama na vikao vyake vya kitaifa. Kwa wadi, hao wa Nairobi mara nyingi hawakujui. Wanamwuliza mtu. Kazi yako ya wiki mbili za mwanzo ni kumjua huyo anayeulizwa. Katika ngome ya chama huwa ni mmoja kati ya wanne: gavana, mbunge wa eneo hilo, mwenyekiti wa chama wa kaunti, au mfadhili mmoja asiye na cheo chochote. Mwenyekiti wa tawi la wadi hushiriki sana kwenye picha na kidogo kwenye uamuzi. Usimdharau, lakini usimalizie nauli yako kwake.

Kila mmoja wa hao wanne ana hofu yake, na ukijua hofu hiyo utajua wanatafuta mtu wa namna gani. Gavana anahesabu kura za bunge la kaunti. Hoja ya kumwondoa huhitaji kuungwa mkono na thuluthi moja ya wawakilishi ili iwasilishwe, na thuluthi mbili ili ipite. Katika bunge dogo, kiti kimoja kinaweza kuwa ndicho kinachomlinda au kinachompeleka Seneti kujitetea. Atauliza: huyu atapokea simu yangu? Mbunge ana hofu ya mwaka 2027. Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027, na mwakilishi wadi anayependwa leo ndiye mpinzani wake kesho. Mbunge mwenye hofu hiyo humtafuta mzee mpole, mtu wa kumalizia muhula, asiye na moto. Ukijitokeza kwake na mikutano ya watu mia tano unadhani umemfurahisha, kumbe umemtisha. Waliopita salama katika tundu hili ni wale waliomwonyesha mbunge kwamba wana nguvu ya kumletea kura na wakampa sababu ya kuamini hawataki kiti chake. Kuna waliosema hivyo kwa uongo. Hilo nawaachia wenyewe na dhamiri zao.

Mwenyekiti wa kaunti hofu yake ni kulaumiwa chama kikishindwa. Ndiye wa kupelekewa takwimu: matokeo ya 2022 ya kila kituo, ambayo yako wazi, na majina ya watu wako katika kila kituo. Ukurasa mmoja unatosha. Hasomi zaidi.

Halafu kuna familia. Aliyefariki akiwa madarakani huacha mjane, ndugu au mtoto, na mazishini mtu atasimama aseme “nyumba hii isizimwe taa”. Presha hiyo ni nzito kweli, na ni nzito zaidi kwa familia yenyewe, ambayo mara nyingi bado inalia huku wanasiasa wameshaanza kuichagulia. Vigogo hupenda jina la familia kwa sababu linawapunguzia kazi: halihitaji kuelezwa na linawanyamazisha waaniaji wengine kwa aibu. Lakini huruma haina bei maalum kwenye debe. Tarehe 18 Mei 2021 wajane wawili walisimama siku moja. Huko Juja, Susan Njeri, mjane wa Francis Waititu “Wakapee”, alibeba tiketi ya Jubilee na akashindwa na George Koimburi wa chama kidogo cha PEP kwa zaidi ya mara mbili ya kura zake. Huko Bonchari, Teresa Bitutu, mjane wa John Oroo Oyioka, alikuwa na tiketi ya UDA, na Pavel Oimeke wa ODM akamshinda. Kwa upande mwingine Imran Okoth aliichukua Kibra mwaka 2019 kiti cha kaka yake, na Boyd Were akaichukua Kasipul mwaka 2025 kiti cha baba yake aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi. Ukiwatazama wote wanne, wawili walioshinda walibebwa na chama kilichokuwa na mizizi pale kabla ya msiba. Kama unashindana na jina la familia ndani ya chama, usiiseme familia vibaya hata kidogo. Zungumza na wazee wa ukoo mapema, na uwaulize wenyewe kama mhusika anautaka mzigo huo. Mara nyingi hajaulizwa.

Kuachiana maeneo

Tiketi yako yaweza kuuzwa na watu ambao hawajui wadi yako iko wapi. Vyama vikubwa vikiwa katika maelewano, hugawana maeneo: huku msisimamishe mtu, kule nasi hatutasimamisha. Baada ya mkataba wa UDA na ODM wa 7 Machi 2025, vyama hivyo viliachiana baadhi ya maeneo katika chaguzi ndogo za Novemba mwaka huo. Mwaniaji aliyekwisha lipa ada, akachapisha bango na kuajiri vijana, aliamka akaambiwa chama hakina mgombea.

Wanaopanga haya hudhani kura huhama na barua. Msambweni, eneobunge la Kwale, iliwafunza. Mbunge Suleiman Dori wa ODM alifariki Machi 2020. Wakati huo Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walikuwa wamesalimiana na kuacha uhasama, Jubilee ikaamua kutosimamisha mtu ili kumpisha Omar Boga wa ODM. Feisal Bader, aliyekuwa msaidizi wa Dori, akasimama akiwa huru na mrengo wa William Ruto ukamuunga mkono. Jina lake lilipingwa kwa hoja ileile ya uanachama, hoja ikashindwa, na tarehe 15 Desemba 2020 akapata kura 15,251 dhidi ya 10,444 za Boga. Karatasi zake za chama zingekuwa na doa, ingekuwa hadithi nyingine kabisa. Watu wa Kwale husimulia umati na nyimbo. Sisi wa makaratasi tunaukumbuka ule mzozo wa sajili.

Dalili za kuachiana eneo huonekana mapema. Bodi ya uchaguzi ya chama inatangaza ratiba ya maeneo mengine na yako haimo. Mratibu wa kaunti anaanza kusema “tusikimbilie”. Fomu za waaniaji zinauzwa lakini tarehe ya mchujo haiandikwi. Ukiona mawili kati ya hayo, simamisha matumizi, na kama miezi 3 haijakufunga, amua siku hiyo kama unatoka au unabaki.

Njia mbili za kuteua, na mitego yake

Tangu marekebisho ya mwaka 2022, Sheria ya Vyama vya Siasa inatambua uteuzi wa aina mbili. Ule wa moja kwa moja, yaani wanachama wanapiga kura, na hapo sajili ya wanachama iliyoidhinishwa na Msajili ndiyo inayotumika. Na ule usio wa moja kwa moja, kupitia wajumbe au mahojiano mbele ya jopo la chama. Katika uchaguzi mdogo vigogo hupenda ule wa pili. Ni nafuu, unamalizika kwa siku moja, na idadi ya watu wa kushawishi ni ndogo. Chama sharti kimpelekee Msajili taarifa ya tarehe, mahali na majina ya waaniaji angalau siku 10 kabla. Iulize hiyo taarifa kwa barua. Kama haikupelekwa, hiyo ni hoja yenye nguvu baadaye, na barua yako ni ushahidi kwamba ulilalamika kabla ya kushindwa.

Orodha ya wajumbe ndiyo kura yenyewe. Hebu itazame kwa karibu. Huwa ni kurasa mbili tatu zilizochapwa: nambari, jina, kitambulisho, simu, wadhifa, sahihi. Wadhifa ndio wa kuangalia. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwakilishi wa vijana, wa wanawake, wa walemavu, mara kila kituo au kila kijiji. Siku ya kikao utaona majina mengine yamekatwa kwa kalamu na jina jipya limeandikwa juu yake, kando kukiwa na neno “naibu” au “mbadala”. Kila mkato mmoja ni kura mbili: moja umeipoteza wewe, moja ameipata mwenzako. Kwa hiyo omba orodha wiki moja kabla, kwa maandishi. Ipige picha kila ukurasa. Wapigie wajumbe mmoja mmoja kwa nambari zilizoandikwa pale, na utashangaa ni simu ngapi zinazopokelewa na mtu mwingine kabisa. Siku yenyewe, wakala wako awe mlangoni akiwa na nakala, na asiingie ndani hadi orodha ya mlangoni ilinganishwe na ile ya picha. Ikiwa tofauti, aandike tofauti hizo, aombe msimamizi atie sahihi, na akikataa aandike kwamba amekataa, pamoja na saa.

Kwenye mahojiano, jopo huuliza maswali matatu yenye maana, mengine ni ya kupitisha muda. Una pesa kiasi gani? Ukikosa, utamuunga mkono aliyepata? Nani mkubwa amekutuma? Swali la kwanza lijibu kwa vitu: gari la kampeni lipo, mawakala wa vituo wote wapo, haya majina yao. Ukitaja mamilioni usiyo nayo, mtu chumbani anajua akaunti yako.

Mchujo wa wanachama nao una ugonjwa wake. Sajili ya chama huwa na majina ya waliokwisha hama, waliokufa, na wengi walioandikwa bila kujua, huku wafuasi wako halisi hawamo kwa sababu walijisajili juzi. Lipia mtu mwenye subira akae na sajili hiyo siku mbili. Atambue kwa kila kituo nani wako, nani yupo, nani wa kubebwa. Bila hivyo utaleta umati ambao makarani watauambia “jina halipo, rudi nyuma”, na wao watarudi nyumbani na kukuambia wamepiga kura.

Mambo yanayoharibika siku hiyo yanajirudia mno hata yanachosha: karatasi zinafika saa 6 mchana kituo kilichopaswa kufunguliwa saa 12 asubuhi, masanduku ya kituo kimoja “yanapotea” dakika arobaini, wasimamizi wawili wanatangaza washindi wawili. Dawa yake ni moja tu, fomu ya matokeo ya kila kituo yenye sahihi ya mawakala wote, ikapigwa picha palepale. Jumla inayotangazwa hotelini bila fomu hizo haina mashiko, na fomu hizo bila jumla zinatosha kwa jopo la mizozo.

Cheti, sahihi na saa 10 jioni

Ukishinda, usisherehekee. Kilichopo mkononi ni maneno. Tume hutazama cheti cha chama chenye sahihi ya mtu ambaye chama kimemwidhinisha, na mfano wa sahihi yake uko kwenye faili za tume. Cheti kilichotiwa sahihi na naibu wake, au na mwenyekiti wa kaunti kwa shangwe jukwaani, ni karatasi ya kufungia vitumbua. Mtu wako awe Nairobi, kwenye makao makuu ya chama, siku hiyohiyo matokeo yanapotoka, na asiondoke bila cheti halisi. Wapo walioshinda mchujo Jumamosi na cheti kikatoka Jumatatu kwa jina la mwingine.

Linganisha kila herufi na kitambulisho. “Mohamed” na “Mohammed” ni watu wawili kwa karani mwenye haraka. Mpangilio wa majina matatu, nambari ya kitambulisho, jina la wadi na la eneobunge. Wadi mbili zenye majina yanayofanana huchanganywa mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ada ya tume kwa mwaniaji wa wadi ni Sh5,000, na Sh2,500 kwa mwanamke, kijana au mlemavu. Andaa hundi ya benki mapema, maana kwa kawaida pesa taslimu hazipokelewi. Ofisi hufungwa saa 10 jioni, na afisa akifunga amefunga. Mgombea huru anahitaji pia sahihi za wapiga kura 500 wa wadi hiyo, na hao hawapaswi kuwa wanachama wa chama chochote. Kusanya 800, kwa sababu wengi wataonekana kwenye sajili ya chama fulani bila wao kujua.

Ukidhulumiwa

Mlolongo wake hauruki ngazi. Kwanza kamati ya ndani ya chama ya kutatua mizozo. Sheria inataka uonyeshe ulijaribu njia hiyo. Kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Kisha Mahakama Kuu. Wengi hutupwa nje kwenye ngazi ya pili si kwa kukosa haki bali kwa kuruka ya kwanza. Andika barua kwa chama ndani ya saa 24, hata kama unajua wataipuuza, igongwe muhuri, au itume kwa barua pepe rasmi ya chama yenye tarehe. Kimya chao kinakuwa sehemu ya ushahidi wako. Omba kitu kimoja kinachowezekana: chama kizuiwe kupeleka jina hadi kesi isikizwe, au cheti kitolewe kwa matokeo ya fomu hizi. Anayeomba mchujo urudiwe, makosa yaadhibiwe, fidia ilipwe na viongozi wajiuzulu huondoka na maneno mazuri kwenye hukumu.

Na fahamu gharama ya ushindi wa korti. Ukipewa tiketi kwa amri ya jopo, wale wanne waliokukataa ndio utakaowahitaji kwenye kampeni wiki ileile. Watakuja mkutanoni, watakaa jukwaani, na hawatatoa gari. Kiambaa mwezi Julai 2021 iliamuliwa kwa kura 510, Njuguna Wanjiku wa UDA 21,773, Kariri Njama wa Jubilee 21,263. Katika wadi, waliokasirishwa na tiketi hawahitaji hata kufika idadi hiyo ili kukuangusha.

Pesa

Ada ya chama hutofautiana kati ya chama na chama na kwa kawaida hairudi. Lipa kwa akaunti au nambari ya malipo ya chama peke yake. Kuna mtu atakuja na ombi la “kuwaona wazee” au “kumwona mkubwa Nairobi”, na atakuambia mwenzako ameshatoa. Atamwambia mwenzako hivyohivyo. Mbali na kuwa kosa la jinai, ni pesa isiyo na risiti: ukikosa tiketi huna hata pa kulalamika.

Gharama ya kweli ni mawakala na magari. Chukua wadi yenye vituo 20, mawakala wawili kila kituo, Sh1,000 kwa mtu pamoja na chakula: hiyo ni Sh40,000 kwa siku moja ya mchujo, na utailipa tena siku ya kura yenyewe. Ongeza wakili wa jopo, ambaye hutaka malipo kabla ya kufungua faili. Gawa ulichonacho mara tatu, theluthi ya mchujo, theluthi ya mzozo, theluthi ya kampeni. Mwaniaji wa kawaida hutumia yote kwenye theluthi ya kwanza, kisha anakopa kwa watu watakaotaka zabuni za kaunti. Na usikope kwa chama cha akiba kwa dhamana ya mwenzako wa nyumbani bila yeye kujua. Hilo limevunja nyumba nyingi kuliko kushindwa kwenyewe.

Kwa aliyekosa tiketi safari hii na anaitazama 2027, kazi inaanza sasa, kwenye kalenda. Kwa sheria ilivyo, orodha za wanachama hupelekwa kwa tume siku 120 kabla ya uchaguzi mkuu, yaani 12 Aprili 2027, na anayetaka kuwa huru awe nje ya chama kabla ya 10 Mei 2027. Tume yaweza kutangaza makataa ya mapema zaidi, kwa hiyo acha nafasi ya wiki mbili. Na piga *509# tena mwezi mmoja kabla, hata kama ulijiondoa na una barua yenye muhuri. Majina hurudi kwenye sajili bila mwenyewe kuyarudisha.